Shingo ya Mpagazi

Miaka yangu miwili ya kwanza ya sekondari nilikuwa nafunga kifungo cha juu kabisa cha shati la shule, kile kinachokaba koo, ambacho kwa joto la Temeke, ilikokuwa shule yetu, hakuna mtu mwenye akili zake anakifunga. Mama alifurahi, akadhani mwanawe amepata adabu. Wapi! Nilikuwa naficha shingo.

Shingo yenyewe haikuwa na kasoro. Juzi nimezitazama tena picha za wakati ule: ni shingo tu ya mtoto aliyeanza kubalehe, imebeba kichwa kama shingo za wenzake wote. Lakini ungeniuliza siku zile mie ni nani, ningekujibu bila kufikiri kwamba mie ni shingo nene, na kichwa kilichopo juu yake ni cha kuwekea mizigo, si cha kuwekea hesabu. Nilikuwa nimeambiwa hivyo mbele ya darasa zima na mtu ambaye sikuona kwa nini aniongopee. Alikuwa mwalimu wangu wa fizikia.

Mwalimu huyo alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mrefu, mwembamba, suruali zake zimenyooka kwa pasi, na sauti yake ungeisikia ukiwa bado getini. Siku ya kwanza aliita mahudhurio. Alipofika kwangu akasita. Jina letu la ukoo ni la Kinyamwezi, halijifichi hata ukiliandika kwa penseli. Akashusha daftari polepole, akanitazama kwa furaha ambayo mie niliiona ya hila.

"Haa! Mnyamwezi! Umefika lini pwani? Na mzigo umeutua wapi?"

Darasa likacheka. Nikasimama, nikajibu kwa heshima zote, "Mie nimezaliwa Buguruni, mwalimu." Jamani! Walicheka mpaka wengine wakapiga madawati. Mwalimu akabaki amenikodolea macho kama mtu anayengoja kitu, kisha akaendelea kuita majina.

Historia yenyewe tulikuwa tumeshafundishwa shule ya msingi: zamani Wanyamwezi walikuwa wakitembea kwa miguu kutoka huko Tabora mpaka pwani, wamebeba pembe za ndovu mabegani na vichwani. Wapagazi. Nilivyofundishwa nilijisikia vizuri tu, nikajiona ninatoka kwa watu wenye pumzi. Kufika mapumziko ya siku ile, shule nzima ilikuwa inaniita Mpagazi, na pumzi zangu zikaishia hapo.

Akawa kila kipindi lazima anitupie kitu. Nikichelewa kufika, eti msafara umekwama wapi. Nikikosea kwenye ubao, eti kichwa hiki kimezoea pembe, tukiwekee fomula taratibu. Lakini siku iliyonimaliza ni ile aliyofundisha kuhusu kazi. Kwenye fizikia, alisema, kazi inahesabiwa pale nguvu na mwendo vinapoelekea upande mmoja. Mtu akibeba mzigo kichwani, nguvu yake inasukuma juu, yeye anakwenda mbele, basi hesabu ya kazi aliyoufanyia ule mzigo ni sifuri. Akaweka chaki chini, akanigeukia, uso unamwaka.

"Kwa hiyo babu zake huyu wametembea kutoka Tabora mpaka hapa, wamevuja jasho, wameota sugu, na kwa mujibu wa fizikia hawajafanya kazi yoyote!"

Lo! Darasa lilivunjika mbavu. Mie nilitazama dawati, masikio yamepata moto, nikasema moyoni kwamba huyu mtu ananichukia. Halafu, na hili ndilo baya zaidi, nikasema labda anasema kweli.

Mtoto wa umri ule akishaambiwa yeye ni nani, anaanza kujikusanyia ushahidi mwenyewe, hahitaji tena kuambiwa. Nilijitazama kwenye kioo cha kabati la mama, nikaiona shingo. Mama akinituma sokoni Buguruni kuchukua kiroba cha mchele nilikuwa nakikumbatia mbele kama mtoto mchanga, mikono inakufa ganzi, maana kukiweka begani mtaani kwetu ilikuwa ni kujitangaza. Wale wabeba mizigo wa sokoni, vijana wa watu wanaotafuta riziki yao, nilikuwa nawakwepa kwa kuvuka barabara. Waliniona naringa. Kumbe nilikuwa naogopa kufanana nao.

Na kwenye majaribio ya fizikia nikaanza mchezo wa kijinga. Swali la mwisho, lile gumu lenye alama nyingi, nilikuwa naliacha tupu, hata pale nilipojua jibu lake. Nilijiambia kwamba ukikosa kwa kutojaribu, hakuna anayeweza kukucheka. Mwalimu akirudisha karatasi ananitazama, anatikisa kichwa, anasema, "Mpagazi katua mzigo njiani tena." Mie kimya. Nilikuwa nimejifunza kumtazama bila uso, kama ukuta.

Na fizikia niliipenda, nisiongope. Niliipenda kwa sababu ya babu yangu mzaa baba, ambaye tuliishi naye nyumba moja. Babu alikuja Dar ujana wake kufanya kazi reli, akastaafu, akabaki hapa hapa Buguruni na kofia yake ya pama na bakora yake. Mguu wa kulia ulikuwa mzito, akitembea anauvuta kidogo, halafu anasimama kujifanya anatazama kitu. Jioni alikuwa ananiuliza, "Leo mmefunzwa nini?" Nikimweleza habari za msuguano anafurahi, anasema kumbe ndiyo maana walikuwa wanamwaga mchanga relini siku za mvua. Alikuwa ananiambia nitakuja kutengeneza vichwa vya treni. Mie naitikia, huku najua kwamba kichwa changu si cha hivyo.

Kwa nini sikumwambia habari za mwalimu? Nilimwonea huruma. Ningemwambiaje mzee wa watu kwamba shuleni tunachekwa wote, mie, yeye na baba zake? Nikanyamaza. Angeweza kunieleza kila kitu kwa sentensi moja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Baba naye alikuwa karani wa hospitali, mtu wa maneno machache. Mama ni wa Njombe, kakulia huko kwao, mambo ya pwani alikuwa anayaona kwa mbali. Hivyo neno utani nililijua kwa upande mmoja tu, ule wa mpira: watani wa jadi ni zile timu mbili kubwa za Kariakoo, na siku wakicheza mtaa haulaliki. Kwamba makabila nayo yana watani, kwangu ilikuwa kama hadithi ya watu wa kale. Sie watoto wa mjini tunajuaga vitu vingi, ila vya kwetu ndivyo vinatupitaga kando.

Tukaingia kidato cha tatu. Shuleni kwetu uchaguzi wa masomo haukuwa na siri. Tulitangaziwa kwamba Jumatatu inayofuata tutapangwa mstarini: wanaotaka sayansi watakwenda kulia, wanaotaka sanaa watakwenda kushoto, na ukishakwenda umekwenda. Mie nilishakata shauri la kwenda kushoto. Sina ugomvi na sanaa, ni masomo mazuri. Ila mie nilikuwa nayakimbilia tu, na nilijua kabisa kwamba baada ya Jumatatu ile sitaigusa tena fizikia.

Wiki hiyo hiyo babu akafariki. Alilala mchana baada ya uji, hakuamka. Wazee wa ukoo wakakubaliana azikwe Dar, kwa kuwa mwenyewe alishasema hataki kusumbua watu na safari. Turubai likafungwa uwanjani, viti vya plastiki vikaletwa, wanawake wakakaa kwenye mikeka, na baba akakaa kwenye kiti cha pembeni akawa hasemi. Alikuwa hajalia wala hajala. Shangazi aliyekuja kutoka Tabora alijaribu kumlisha, akashindwa.

Shule ina utaratibu: mwanafunzi akifiwa, mwalimu mmoja na wanafunzi wachache wanakwenda kutoa pole. Siku ya mazishi nikawaona wenzangu wanaingia, wameinamisha vichwa, na mbele yao, akiwa na kanzu nyeupe, yule mwalimu. Roho ilinipasuka paa. Nikasema hapana, hata hapa?

Akasimama katikati ya uwanja, akashika kiuno, akapaza sauti yake ile.

"Nani aliyewapa Wanyamwezi ruhusa ya kufa kwenye nchi yetu?"

Watu wakageuka. Nakumbuka niliinuka kwenye kiti, nimekunja ngumi, mtoto wa shule nataka kumpiga mwalimu wangu mbele ya jeneza la babu. Kabla sijapiga hatua nikamwona baba. Baba alikuwa amesimama, na uso wake, ambao tangu juzi ulikuwa kama umefungwa, ulikuwa umefunguka.

"Mtani!" baba akasema. "Watani wamefika! Jamani, tulidhani tutazika wenyewe!"

Wazee wa Kinyamwezi wote wakapiga makofi. Shangazi akapiga kigelegele huku machozi yanamtoka. Mie nikabaki nimesimama na ngumi zangu, sijui nizipeleke wapi.

Mwalimu hakungoja kukaribishwa. Akaingia ndani, akatoka amevaa pama la babu na bakora mkononi, akauliza, "Marehemu alikuwa anatembeaje?" Jirani mmoja akamwonyesha. Basi mwalimu akatembea. Akauvuta mguu wa kulia, akasimama, akajifanya anatazama paa la nyumba ya jirani, akaguna kama mzee, akaenda tena. Hakuwahi kumwona babu hata siku moja, lakini nakuapia alikuwa babu. Wanawake kwenye mikeka wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Baba alicheka mpaka akakaa, na alipokaa, kicheko kikageuka, akalia kwa sauti, kilio cha kweli, ambacho kilikuwa kimemkaba siku zote hizo. Mwalimu akaenda akamshika bega, bado pama liko kichwani.

Wakati wa kutoa jeneza alikwenda kulala chali mlangoni.

"Hapiti mtu! Babu zake hawakuwahi kupita Uzaramo bila kutoa hongo kwa wenye njia, na huyu naye atatoa. Leteni asali ya Tabora!"

Shangazi alikuwa nayo. Nadhani alitoka nayo kwao akijua kabisa itakuwa na kazi. Akaleta chupa, mwalimu akaionja akiwa amelala pale pale, akasema imechanganywa na maji kama kawaida ya Wanyamwezi, watu wakacheka, ndipo akainuka akapisha. Na akaingia yeye mwenyewe kwenye wabebaji wa jeneza, mstari wa mbele.

Tuliporudi kutoka makaburini nikamuuliza baba, "Huyu ni nani kwetu?" Baba akanishangaa. Akanieleza kwamba sie na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Mtani ana ruhusa ya kukusema lolote, na wewe umseme lolote, hakuna kukasirika. Mkifiwa, yeye ndiye wa kuja kuwachekesha, maana nyie wenye msiba hamuwezi. "Hakukwambia shuleni?" baba akauliza. Nikasema alikuwa ananiambia kila siku.

Mwalimu alikuwa amekaa peke yake ukutani, chupa ya asali kwapani, anakula pilau. Nikamwendea. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Akasogea, nikakaa. Kisha akasema, tena kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Mie nimekukosea nini?"

Nikashika kifungo changu cha shati.

"Siku ile nilipoona jina lako nilifurahi mno. Shule yote ile, nikajisemea, nimepata mtani. Nikakutupia, hukurudisha. Nikasema bado mgeni, atazoea. Miaka miwili nakutupia, unanitazama kama ukuta. Nikaona basi, watoto wa siku hizi wanatudharau sie walimu, mtoto hataki hata kunitukana. Nikirudi nyumbani namwambia mke wangu, pale darasani kuna mtoto ananiona mie si mtu."

Nilimtazama. Mtu mzima yule, na suruali zake za pasi, alikuwa amekaa miaka miwili anajiona hafai kwa sababu yangu, wakati mie nimekaa miaka miwili najiona sifai kwa sababu yake.

"Mie nilidhani unasema kweli," nikamwambia. "Kwamba kichwa changu ni cha kubebea."

Sahani ikatua chini. "Ala! Uliamini?"

"Niliamini."

Akanyoosha mkono, akanifungua kile kifungo cha juu cha shati, taratibu, kama mtu anayemvua mtoto sare. "Wale watu walitembea miezi na mizigo ile hawakuitupa," akasema. "Ningekuwa ninakuona huwezi ningekutania? Asiyeweza hataniwi, anaachwa." Kisha akafungua chupa, akanimiminia asali kwenye kiganja. "Samahani, mwanangu. Kosa la mwanzo ni langu. Lakini Jumatatu naomba unirudishie hata moja, roho yangu itulie."

Jumatatu mstarini mwalimu wa zamu alikuwa mbele na fimbo yake, mkuu wa shule pembeni, shule nzima imenyamaza. Wa sayansi kulia, wa sanaa kushoto. Watu wakaanza kujigawa. Mie miguu ilikuwa mizito. Kuambiwa siku moja kwamba ulijidanganya hakuondoi miaka miwili, nyie mnaosoma msidhani ni kama kuvua shati. Nilisimama pale katikati mpaka nikabaki peke yangu, na bado shingo yangu niliihisi.

Ndipo sauti ikatoka upande wa walimu.

"Mnyamwezi! Huko kulia mizigo ni mizito! Shingo itaweza?"

Shule ikacheka. Nikasikia "Mpagazi, Mpagazi" kutoka nyuma. Nikavuta pumzi mpaka tumboni.

"Itaweza, mwalimu!" nikapiga kelele. "Nyie Wazaramo kaeni kivulini mngoje nazi ianguke, sie tunabeba!"

Weee! Ukimya ulioshuka pale sijawahi kuusikia tena. Mwanafunzi kumjibu mwalimu, mstarini, mbele ya mkuu! Mwalimu wa zamu akaanza kunijia na fimbo. Na mwalimu wangu, ameinama, kashika magoti, anacheka hadi machozi, akanyoosha mkono mmoja juu kumzuia mwenzake.

"Mwache! Mwache huyo. Huyo wangu."

Nikaenda kulia.

Sasa nafundisha fizikia mwenyewe, shule moja upande wa Kinondoni, na jina la Mpagazi bado wananiita wale tuliosoma pamoja, naitika. Mwalimu amestaafu, yuko kwake Mbagala. Tunapigiana simu kutukanana. Mwezi uliopita nikaenda kumwona, maana mkewe alinipigia akasema anaumwa, na safari hii si mchezo.

Nilimkuta kitandani. Zile suruali za pasi zinaning'inia ukutani, na mwenye suruali amebaki nusu. Akanionyesha kiti.

"Umekuja na asali?"

"Ipo. Nimeichanganya na maji, kama kawaida."

Akacheka, kikohozi kikamshika, tukangoja kipite. Kisha akasema, "Siku yangu ikifika utakuja kufanya kazi ya kwenu. Nataka unibebe, mstari wa mbele. Na uwachekeshe watoto wangu, hasa yule mkubwa, hajui kulia. Ukinililia, nitanyanyuka nikuchape."

"Nikulilie wewe?" nikasema. "Ulivyokwisha hivi nakubeba kwa bega moja, na bega la pili nabeba mkungu wa ndizi."

Mkewe aliyekuwa mlangoni akashika mdomo. Mwalimu akacheka, macho kayafumba, akanipigapiga mkono, akasema, "Haya. Haya. Sasa umekuwa mtani."

Nilikaa naye mpaka alasiri. Nilipoaga nikatoka nyuma ya nyumba, nikapata tofali karibu na tangi la maji, nikakaa, nikalia. Nililia vizuri, bila haraka, mpaka kola ya shati ikalowa. Nilitaka nimalize pale pale, maana siku yenyewe sitakuwa na ruhusa.